Mkanda Ukikimbia Hulegea

Assalaam alaykum wazee wangu, mafundi wenzangu, wanafunzi, na kina mama mlioiwahi ile feni ya kule nyuma. Hamjambo nyote.

Kwenye mwaliko mmeandikiwa kwamba nitazungumza juu ya "mtetemo na uthabiti wa mabati ya tabaka yanayokwenda, chini ya mzigo wa nasibu." Bwana mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza kama ni mabati ya kuezekea. Nikamwambia ingia tu, kahawa ipo. Wahandisi huita bati kitu chochote kilicho bapa na chembamba, hata kama ni cha mpira. Likitengenezwa kwa vitu viwili au zaidi vilivyoshikana, kama nyuzi na gundi, wataliita kompoziti. Na likiwa linakwenda huku linatetemeka, basi sisi watu wa kawaida tunaliita mkanda. Leo ni habari ya mkanda.

Wengi wenu mmewahi kutumwa kinuni na debe la mahindi. Injini ya dizeli ya silinda moja iko nyuma, kinu kiko mbele, na katikati umepita mkanda mpana wa turubai na mpira, mita 3 hivi. Upande mmoja umekazwa, upande wa pili umelegea, na huo uliolegea hupigapiga. Siku nyingi hupigapiga kidogo tu. Lakini kuna wakati mwenye kinu hupunguza mafuta, na mkanda ukaanza kuruka kama nyoka aliyekanyagwa mkia, watoto tukarudi nyuma na madebe yetu. Akiongeza mafuta, unatulia. Akipunguza zaidi, unatulia pia. Wazimu wake una mwendo wake mmoja. Mimi niliona ajabu, nikauliza, nikaambiwa nisisogee karibu.

Jibu nililipata ukubwani, na lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mtumbwi.

Chukueni mtu na mtumbwi wake katika hori ya Tudor, hapa Mombasa, maji yakiwa yamesimama, hayajai wala hayapwi. Anapiga kafi kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde. Anakwenda mita 600, anageuza, anarudi. Sekunde 400 kwenda, 400 kurudi, jumla 800. Sasa maji yanakupwa, na mkondo unakwenda nusu mita kwa sekunde. Kwenda anasaidiwa, anafika kwa sekunde 300. Kurudi anapigana nao, sekunde 600. Jumla 900. Mnaona? Alichopewa na mkondo wakati wa kwenda hakikutosha kulipa alichonyang'anywa wakati wa kurudi. Mkondo ukiwa mita 1 kwa sekunde, safari nzima inakuwa sekunde 1440. Na mkondo ukifika mita 1.5, sawasawa na kafi lake, basi huyo bwana anapiga kafi mpaka magharibi na mnazi alioulenga ufukweni uko palepale. Harudi.

Mtetemo wa mkanda ni safari hiyohiyo. Ukiugonga mkanda uliosimama, wimbi hukimbia mpaka kwenye puli ya pili, likagonga, likarudi. Kwenda na kurudi mara moja ndiyo tetemo moja. Mkanda wenyewe ukiwa unakwenda, huo ndio mkondo: wimbi linalokwenda na mkanda husaidiwa, linalokuja kinyume huchelewa, na hesabu ya jumla daima ni hasara. Kwa hiyo mkanda unaokwenda hutetemeka polepole kuliko uliosimama, kana kwamba mtu ameulegeza, na hakuna aliyeulegeza. Mkanda ukikimbia hulegea. Ukifika mwendo ulio sawa na wa wimbi lake, hauna tena cha kuurudisha mahali pake: ukisukumwa upande, unabaki huko. Huo ndio mwendo wa ukomo. Wenye misumeno ya ukanda wanaujua kwa macho, kwa sababu ubao hutoka umekatwa kwa mawimbi badala ya mstari. Mmarekani C. D. Mote aliuandikia utafiti msumeno huo mwaka 1965, na hesabu zake bado tunazitumia.

Twende kwenye kinu. Tuseme mita moja ya mkanda ina gramu 800, na upande uliolegea umevutwa kwa nguvu ya nyutoni 360, sawa na kuuning'inizia kilo 37 hivi. Wimbi litakimbia mita 21 kwa sekunde. Mkanda ukiwa umesimama na urefu wake mita 3, utatetemeka mara 3.5 kwa sekunde. Injini ikizunguka mara 650 kwa dakika na puli yake ikiwa na kipenyo cha sentimita 30, mkanda utakwenda mita 10 kwa sekunde, na mtetemo utashuka hadi mara 2.7. Shikeni namba hiyo.

Sehemu ya pili ni ya bembea. Mtoto anayejua kubembea hahitaji kusukumwa. Akisimama juu ya kibao, huchuchumaa na kuinuka, mara mbili katika kila safari moja ya kwenda na kurudi, na bembea hupanda yenyewe. Hasukumi mbele wala nyuma, anabadilisha tu urefu wa bembea kwa wakati unaofaa. Michael Faraday aliona jambo la aina hiyo mwaka 1831 kwenye maji yaliyotikiswa juu na chini: viwimbi vya juu vilicheza nusu ya kasi ya mtikiso. Ukibadilisha mvutano wa mkanda mara mbili kwa kila tetemo lake, unaufanyia kazi ya mtoto wa bembea. Sasa ile injini ya viharusi vinne huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Mizunguko 650 kwa dakika ni miwako 325, yaani 5.4 kwa sekunde. Kila mwako unauvuta mkanda. Na 5.4 ni 2.7 mara mbili.

Ndiyo hivyo. Nyoka alikuwa anabembea. Mwenye kinu akiongeza au akipunguza mafuta, anamharibia mtoto mdundo wake.

(Hapa palikuwa na makofi kidogo, nami nikanywa maji.)

Sasa nimeazima leso hii kwa dada yangu, naye ameniapisha isirudi na alama ya mafuta. Naomba vijana wawili. Shikeni pindo huku na huku, vuteni. Haivutiki, si ndiyo? Nyuzi zimesimama kwenye mstari wa mvuto. Sasa shikeni pembe kwa pembe, mshazari, vuteni. Inarefuka, inajikunja katikati, inakuwa kama kamba. Nguo ni ileile na mikono ni ileile. Kilichobadilika ni upande tu. Chuma hakina tabia hiyo, ukikivuta huku au kule ni kilekile. Kitu cha nyuzi kina huku na kule.

Mkanda wa bandarini, ule unaobeba ngano inayoshushwa melini, ni leso nne au tano zilizoshikanishwa kwa mpira. Mtande wake, nyuzi zinazokwenda na urefu, mara nyingi ni polyesta, kwa sababu haitaki kurefuka. Mshindio, unaokata upana, mara nyingi ni nailoni, kwa sababu mkanda lazima ujipinde kama mfereji ndipo ngano isimwagike. Sasa tabaka hizo zikipangwa sawasawa, juu na chini zikilingana, mkanda ukivutwa unavutika tu. Zisipolingana, au moja ikiwa imelala mshazari, ukiuvuta unajisokota. Yaani mvuto wa mbele unazaa msokoto wa upande. Fundi anaona mkanda unakimbilia kushoto, anakwenda kurekebisha rola, vile vigurudumu virefu vinavyoubeba mkanda, kesho umerudi kushoto, anairekebisha tena. Ugonjwa haumo kwenye rola. Umefumwa ndani ya mkanda tangu kiwandani, au umeingizwa siku ya kuunga, kiungo kilipokatwa bila pembe kamili.

Ninasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu kisa ninachotaka kuwapa kina kiungo ndani yake, na kina mimi.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo, nina kikokotoo kipya. Sitataja mahali. Palikuwa na mkanda wa mita moja kwa upana, unakwenda mita 3 kwa sekunde, ukipokea ngano kutoka kwenye hopa. Kreni inachota kwa grabu, inamwaga, hopa inateremsha. Nilipewa kazi ya kusema kama mkanda uko salama. Nikapiga hesabu. Mkanda mtupu, kilo 16 kwa mita. Mkanda ukijaa, unabeba kilo 60 za ngano kwa mita juu ya uzito wake. Mvutano, nyutoni 12,000. Mwendo wa ukomo ukiwa mtupu ni mita 27 kwa sekunde, ukijaa ni 12 na nusu. Sisi tunakwenda 3. Nikaandika kwa wino mweusi: hakuna tatizo.

Palikuwa na mzee mmoja, fundi wa mikanda, sote tukimwita ami. Akaniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, mkanda huu wacheza."

Nikamwambia, "Ami, nimeupima ukiwa mtupu, nimeupima ukiwa umejaa."

Akasema, "Hujaupima meli ikiisha."

Sikumwelewa, na kwa kuwa sikumwelewa nilidhani yeye ndiye hakuelewa. Kosa hilo la vijana wa chuo sijaliona likipungua.

Meli ikikaribia kuisha kupakuliwa, ngano iliyobaki chini kabisa tumboni mwake huchotwa kwa tabu. Grabu moja inakuja imejaa, mbili zinakuja na makombo. Juu ya mkanda kuna rundo hapa, kisha mita kadhaa tupu, kisha utando mwembamba. Mimi nilijua mtetemo wa mkanda mtupu kati ya rola na rola, mita 1.2: mara 11 na kitu kwa sekunde. Nilijua pia wa uliojaa: mara 5 hivi. Rola zenyewe, kwa kipenyo chake na mwendo ule, zilizunguka mara 7 na nusu kwa sekunde, na hakuna rola iliyo duara kamili, kwa hiyo kila mzunguko huupiga mkanda, na mkanda ukipigwa kwa mdundo ulio sawa na mtetemo wake, unacheza. Sasa niambieni, kutoka 11 kushuka hadi 5, unapitia wapi? Unapitia 7 na nusu. Na unapitia pale mkanda ukiwa na kilo 20 hivi za ngano kwa mita, yaani theluthi ya mzigo. Ukijaa uko salama, ukiwa mtupu uko salama, ukiwa na makombo unacheza. Ami alikuwa ameliona jambo hilo kwa miaka bila kikokotoo.

Hapo sasa ndipo neno nasibu linapoingia. Marundo yale hayana mpango. Kila rundo likipanda mkanda, mvutano unaongezeka, likishuka, unapungua. Si kama injini ya kinu inayopiga 5.4, 5.4, 5.4. Ni mapigo ya kila aina yamechanganyika, na ndani ya mchanganyiko huo daima kuna kiasi fulani kinachoangukia kwenye mdundo wa mtoto wa bembea. Swali la mhandisi linageuka. Haulizi tena, "Je, pigo langu ni 5.4?" Anauliza, "Katika fujo hii yote, ni kiasi gani kinaangukia karibu na mara mbili ya mtetemo wangu, na mpira wangu una uwezo wa kukimeza?" Maana mpira humeza. Kila ukijipinda na kujikunjua, nguvu kidogo hugeuka joto. Uwezo huo wa kumeza ndio unaoshindana na fujo.

Na nani kashinda? Jibu linategemea unahesabu vipi, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu jambo hili mimi mwenyewe lilinikosesha usingizi. Mwaka 1892 Mrusi Aleksandr Lyapunov aliliweka swali la uthabiti vizuri: ukikisukuma kitu kidogo, je, kitabaki karibu na pale kilipokuwa? Kwa mzigo wenye mpango, jibu ni ndiyo au siyo. Kwa mzigo wa nasibu unaweza kupata ndiyo na siyo kwa mkanda mmoja.

Tuende Kongowea, sokoni. Chukueni wachuuzi wengi wa nyanya, kila mmoja ana mtaji wa shilingi 1000. Siku njema mtaji unaongezeka nusu. Siku mbaya unapungua kwa asilimia 40. Njema na mbaya zinakuja nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Je, biashara hii ni nzuri? Wastani wa siku moja: nusu yao wana 1500, nusu wana 600, wastani 1050. Faida! Baada ya siku 10 wastani wa soko zima ni shilingi 1629. Mwandishi wa gazeti ataandika soko limestawi. Lakini mfuateni mchuuzi mmoja. Kapata siku 5 njema na 5 mbaya, kama inavyotarajiwa. Njema moja na mbaya moja: 1000 ikawa 1500, ikawa 900. Mara tano hivyo, ana shilingi 590. Zaidi ya nusu ya soko limepata hasara. Wastani umebebwa na wachache, na kati yao yuko yule wa mmoja katika 1024 aliyepata njema zote kumi na kuondoka na elfu 57 na ushei.

Mtetemo chini ya mzigo wa nasibu ni soko hilo. Kila sekunde kadhaa unazidishwa kwa kitu, mara kikubwa, mara kidogo. Ukimfuata mchuuzi mmoja wa kawaida, yaani mkanda wako siku ya kawaida, mtetemo unakufa, na utaapa kwamba mkanda ni thabiti. Ukihesabu soko zima, wastani wa mraba wa mtetemo unapanda, kwa sababu kuna siku moja adimu ambayo unalipuka. Wataalamu wana majina mawili kwa uthabiti wa aina hizi mbili, na wa pili ni mgumu zaidi kuufikia. Wapo wanaosema wa kwanza unatosha. Mimi siko nao. Mchuuzi aliyepata elfu 57 anakwenda nyumbani kula biriani. Mkanda uliopata mtetemo huo unagonga fremu ya chuma, na mchezo umekwisha. Haurudi kesho kuendelea na wastani wake.

Wetu uligonga fremu usiku wa manane, mwisho wa meli, msimu wa Kusi. Ukingo ukachanika, uzi wa tabaka moja ukakamatwa na rola, na kiungo kilikuwa mita chache tu nyuma yake. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Ngano ilimwagika mpaka ikafunika buti.

Asubuhi nilitarajia ami anicheke. Alikuwa amechuchumaa na spana. Alichofanya sikukiona kwenye kitabu chochote nilichosomeshwa, ingawa baadaye nilikuta kinajulikana kwa watu wa kazi hii: alisogeza rola. Zilikuwa zimepangwa kila mita 1.2 kama askari. Akafanya hii mita 1, ile 1.3, ile 1.15, akaharibu usawa kwa makusudi. Sasa kila kipande cha mkanda kina mtetemo wake, na wimbi likianza kukua katika kipande kimoja, kipande jirani hakichezi nalo. Kuongeza mvutano alikataa. "Utaua beringi na kiungo," alisema, na kwa hilo vitabu vinamuunga mkono.

Kabla sijashuka, kuna kijana wa maboti ya faiba ameniandikia swali kwenye kikaratasi: je, ubavu wa boti nao ni bati linalokwenda? Naam. Umbo si lilelile, kwa sababu boti linakwenda na bahari ndiyo inayopiga, lakini nasibu ni ileile. Nahodha akikuambia mawimbi ni ya mita moja, jicho lake limechukua wastani wa theluthi ya yale makubwa. Katika mawimbi 1000, ambayo kwa wimbi la kila sekunde 6 ni saa moja na dakika 40, tarajia moja la karibu mita 1.9. Jenga kwa hilo. Na boti likirudi, chukua sarafu ya shilingi 20, ligonge ubavu polepole, kiganja kwa kiganja. Mahali pazima hulia kwa sauti kali. Mahali ambapo tabaka zimeachana hulia bubu, kama tikiti lililooza, na kwa nje rangi bado inang'aa.

Leso naikunja, haina doa, shahidi ni nyinyi. Hiki kilichobaki mezani ni kipande cha ule mkanda wa usiku ule. Nimekitunza miaka yote hii kwenye droo pamoja na kikokotoo. Kipitisheni mkono kwa mkono. Msitazame pale palipochanika, kila mtu hutazama hapo. Geuzeni ukingo, muuweke usawa wa jicho, mhesabu tabaka kutoka juu. Ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Kati ya ya pili na ya tatu ingizeni ukucha: unaingia mpaka nusu ya kidole, na humo ndani mpira ni laini, umesuguliwa mpaka unang'aa. Mng'ao huo haukufanywa na usiku mmoja.